Mama Mukwe Anataka Majivu Yake Iingie mu Nyumba ya ku Bahari

Mama Victoire wa radio, uniokoe mbele furaha inimalize! Miye ni Sikuli, nafanyaka ma-bloc ya sima, matofali ya saruji, hapa Mbau, na patron Laurent, agent wa État, mutumishi wa serikali, mwenye alitoka Moanda, aliona kazi yangu akasema, «Sikuli, twende kwetu, utajengea mama yangu nyumba kando ya bahari,» miye mwenye sijaonaka maji kubwa kupita mafuriko ya pa barabara! Kule chumvi inaingiaka mu béton, ile zege, inakula fer, chuma ya ndani, fer inavimba, poteau, nguzo ya nyumba, inapasuka sawa muhogo ya kuchemsha. Poteau ya mama ya Laurent ilianguka juu ya jiko, bahati yeye alikuwa ku misa. Mais miye niko na dawa: nachomaka maganda ya mupunga, ile batu ba machine ya kukoboa banatupaka, majivu yake natia pa nafasi ya sehemu ya sima, donc sima inapunguka, moshi ya usine yenye inatengeneza sima nayo inapunguka, na bloc inafunga ngi, chumvi hapana pita. Niliweka ma-bloc mbili mu fût, pipa ya maji ya chumvi, fer ndani, batu ya quartier banauliza «Sikuli, supu inaiva lini?», ile ya kawaida ikapasuka, yangu iko nzima, hata inanicheka.

Sasa shida ni mama mukwe Emérence, mwenye alitulalisha kwake, miye na binti yake Nadège, bibi yangu, wakati tulikimbia vita. Alisikia «majivu», akakusanya ya ba mama bote ba chorale, masaki na masaki, mais ni ya maganda ya ndizi, ile ya chumvi-chumvi tunatiaka mu maharage iive mbio! Nikamuambia polepole, akasema, «Majivu ni majivu, ao ya kwangu inanuka?» Nikajaribu bloc moja juu ya heshima, ikatoka jasho mweupe, kona ikamomonyoka. Nikikataa, namuzarau mbele ya chorale. Nadège anasema nitie kidogo tu. Nifanye je?

Mama Victoire anajibu:

Sikuli, nimecheka mupaka chai ikamwangika. Unaenda kupigana na bahari, na mama moja wa chorale iko nakushinda? «Kidogo tu» ni chumvi mu nyumba yenye inakimbia chumvi. Hapana, hata kijiko! Mama ya Laurent aliponea mara moja. Misa haiko kila saa.

Na wewe punguza kinywa: fût haiko bahari. Mbele ya kupanda avion, peleka ma-bloc ku laboratoire ya ba ingénieur baivunje, baone nguvu yake. Zingine zitangulie Moanda, zikae mu mawimbi. Kule hapana chota muchanga ya bahari, tafuta ya mutoni. Fer ifunikwe muzuri, na béton unyeshee maji siku mingi, isikauke haraka.

Kwa Emérence, ufike wewe mwenyewe, hapana tuma Nadège. Weka ma-bloc yote mbili ku meza, yake na yako, umuambie apitishe kidole ku ile jasho mweupe, alambe. Kisha umuombe yeye na chorale bachunge moto ya mupunga, iwake polepole, majivu itoke mweupe-mweupe, hapana nyeusi. Mutu mwenye amepika maisha yote anajua moto.

Miye najua ba mama mukwe. Akishalamba tu, yeye njo atapiga kelele, «Sikuli, nani alitia chumvi mu nyumba ya mwenzangu?» Wewe omba pardon, ukule maharage.