Vidonge Ulivyogawana na Zulekha

Mama yetu Sornam, leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na bado soko la maua la Madurai linakuulizia.

Kwa miaka thelathini ulisuka mashada ya jasmini bila kutazama vidole. Mteja akinuna, ulimwongezea bure. Ila mizani ya mtu hukuiamini. Maua uliyapima kwa kiganja. Hukuvuta sigara hata moja, na bado saratani ikaingia mapafuni mwako.

Hospitalini nako hukuamini mtu. Daktari alisema wako kwenye utafiti: kila uvimbe una alama yake, wanaitafuta, kisha mgonjwa anapewa dawa inayolingana nayo.

"Kwani uvimbe ni ng'ombe, upigwe chapa?" ukamuuliza. Akacheka. Wewe hukucheka.

Ukapimwa, ukapewa vidonge, navyo vikakurudisha sokoni miezi minne. Halafu ukaiona chupa ya Zulekha, mwenzako wa benchi la kusubiri. Vyake vyekundu, vyako vyeupe.

"Ugonjwa mmoja, dawa mbili? Dada, mmoja wetu hapa analishwa chaki."

"Basi tugawane nusu kwa nusu," Zulekha akasema. "Kama ni hila, itupate sote."

Mkanipa mimi nivigawe, kwa kuwa vidole vyangu ni vyepesi. Nikavigawa, miezi mitatu.

Kikohozi kikarudi. Zulekha alipodhoofika alimweleza daktari bila kukutaja, akarudia dawa yake tu. Yu hai, jana katuletea wali. Wewe ulinikanya: "Pechi, funga mdomo. Wakijua watatufukuza." Daktari alipouliza kama unameza dawa zako zote, ulisema ndiyo. Mimi nilitazama sakafu.

Mtaani wanasema madaktari walikujaribia dawa wakakuua. Mimi pia siwaamini sana. Niliacha shule darasa la nne, na karatasi zao zinanishinda. Lakini vidonge nilivigawa mimi. Hilo nalijua bila kusoma.

Sasa mama mdogo Velammal anakohoa. Picha imeonyesha uvimbe, naye amekataa kukatwa kipande kikapimwe. "Wasije wakanimaliza kama dada," anasema. Ndiyo maana nimeandika haya, asomewe.

Mama mdogo, Jumatatu twende. Nitakaa karibu yako, na daktari akiuliza, nitajibu.

Unakumbukwa na mumeo Irulappan, mwanao Karuppan, mdogo wako Velammal, rafiki yako Zulekha, nami Pechi, binti yako. Maadamu tunavuta pumzi, Mama, hatutakusahau.