Daktari Nilimtoa Uwanjani

Glenwood, Durban
Machi 1998

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti yako yanaendeleaje? Na Mama, ile homa imemwacha? Mimi ni mzima, nakula, nasoma, na joto la hapa nimelizoea.

Najua Daktari alikwambia nimemvunjia heshima mbele ya watu, nawe ukanipigia kunitaka nimwombe radhi. Siku ile sikukujibu kwa sababu simu ni yake, na alikuwa ameketi pale pale akinitazama. Sasa nisikilize.

Ni kweli alinipokea, akanipa chumba cha uani, akanifundisha besiboli aliyotoka nayo Marekani alikosomea. Ndiye pia aliyesema nina jicho zuri, nafaa kuwa mwamuzi. Alidhani hilo jicho ni lake.

Jumamosi iliyopita timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mchezaji wake akakimbilia nyumbani, yaani kile kibao cheupe ambapo pointi hupatikana, lakini mdakaji alimgusa kwa mpira kabla mguu haujafika. Nikasema ametoka, pointi hakuna. Daktari akaja mbio. Hilo halina ubaya, Baba, kocha anaruhusiwa kuja kuuliza. Mwamuzi huvua kinyago, humsikiliza, humjibu mara moja, basi. Hatuna kadi kama kwenye kandanda, tuna mdomo na mkono tu. Nilimjibu, akaendelea. Nikamwonya kwa Kiingereza, kila mtu akasikia. Ndipo akageukia Kiswahili, akijua pale hakuna mwingine anayekielewa.

"Wewe msichana, unakula kwangu. Badilisha hiyo maneno ama nitampigia baba yako."

Nikainua mkono. "Daktari, umetoka."

Ukishamtoa kocha humjibu tena. Nilimpa mgongo, nikainama kufagia kibao kwa kiburashi changu, apate nafasi ya kuondoka bila sisi kutazamana. Akaondoka, lakini akaenda kukaa garini nyuma ya ua, akawa anawawashia wachezaji wake taa kuwaelekeza. Mtu mzima na shahada zake zote. Nikasimamisha mchezo, tukangoja juani mpaka gari lilipovuka robot, zile taa za njia panda, likapotea. Hata wachezaji wake walikuwa wanacheka.

Sasa amesema Jumapili, Wakenya wakikusanyika kwake kula, nisimame niseme nilikosea, la sivyo nihame. Baba, sikukosea. Nikisema uongo kwa ajili ya kitanda, nitainuaje tena mkono huu mbele ya watu? Furaha, rafiki yangu Mkongo anayesuka nywele mjini, hakuniuliza mengi. "Kuya tu kwangu Sydenham," akasema, "nafasi iko." Nimeshafunga sanduku.

Inaniuma kukukatalia, maana sijawahi. Nisalimie Mama, dada yangu mwalimu na mumewe, na shangazi anayemtunza babu.

Ningeweza kukupigia leo kutoka kibanda cha simu. Nimechagua barua makusudi, kwa sababu itakufikia Jumapili ikiwa imeshapita, na sitaki kusikia sauti yako ikinikataza kabla sijasimama mbele yao na kuwaambia nilichokiona.

Ni mimi binti yako, niliyekuasi mara hii moja,
Nekesa