Nilimpelekea Kaa Badala ya Theluji

Bi Kibibi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako mama yangu, ingawa nakwambia mapema kwamba nimeudhika na wala sijajuta, na jina langu ulichapishe lote, usiniite "Msomaji wa Msambweni" kama unavyowaita wengine.

Mimi ni Mwanapili binti Matano, wa Munje, na kazi yangu ni kudarizi kadi za mkono, ile darizi ya vijishono viwili vinavyokatana kama alama ya kuzidisha, kitambaa kidogo kinajazwa kisha kinagandishwa kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa, na mwenzangu katika kazi hii ni wifi yangu Mwanafatuma, mjane mwenye watoto wanne, sindano ndiyo inayomlisha. Mnunuzi wetu ni memsahibu mmoja mwenye duka la zawadi huko Diani, na miaka sita yote ametupa kitabu chake cha nakshi tunakili, mawaridi, nyumba zenye theluji juu ya paa, na ndege fulani mwenye kifua chekundu ambaye mimi sijamwona hata siku moja, wala baba yangu hakumwona, lakini namjua mpaka idadi ya mishono ya mkia wake.

Basi mwaka juzi tulipopata Uhuru nikajiambia, hivi huku kwetu hakuna kiumbe kinachostahili uzi? Nikachukua daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba mshono mmoja, nikaanza kuchora mwenyewe. Kaa wa mikokoni alinitesa wiki mbili, kwa kuwa mishono ina pembe na gando limepinda, kila nikilipinda linatoka kama ngazi, mpaka nilipojaribu kushona nusu mshono pale kwenye kona. Mbega alikuwa mwepesi, nyeusi niliishona na yale manyoya yake meupe sikuyashona kabisa, nilikiacha kitambaa cheupe chenyewe kionekane, na nilipomaliza nilicheka peke yangu kwa furaha.

Mwaka huu memsahibu aliagiza kadi sitini za Krismasi, thelathini kwangu na thelathini kwa Mwanafatuma, zote za ndege na theluji, nikaitikia naam. Mwanafatuma alishona zake kama alivyoambiwa. Mimi nilishona kaa na mbega, sikumwambia mtu, nikazitia pamoja na zake katika mkoba mmoja, nikazipeleka.

Memsahibu alifungua mkoba, uso ukamwiva. "Hii nini? Nani atampelekea mama yake kaa siku ya Krismasi?"

Nikamwambia, "Memsahibu, wageni wako hawaji huku kutafuta theluji. Wameikimbia."

Palikuwa na mgeni dukani, mama mzee mwenye kofia, akamwinua mbega mmoja akasema kwa Kiingereza, nacho nakisikia kidogo, kwamba huyu alikuwa juu ya paa lake asubuhi ile, anamtaka. Memsahibu akamjibu kwamba hauzwi. Kisha akanirudishia kadi zote sitini, zangu na za wifi yangu, akasema agizo lililoharibika nusu limeharibika lote.

Mwanafatuma aliposikia hakunitukana. Aliuliza tu, "Na zangu zilikosa nini, Mwanapili?" Tangu hapo hanijibu salamu. Mume wangu Abdurahman, fundi wa mashine kiwandani Ramisi, ananiambia, "Nenda kaombe radhi, mke wangu. Uhuru haukuja kwa ajili ya kaa." Nikamjibu, "Ulikuja kwa ajili ya nani basi, waridi?" Sasa memsahibu amemtuma Iddi, mtunza bustani wake, kwamba nirudi na kadi thelathini za theluji, niombe radhi, na niape kuwa sitachora tena hao wadudu wangu, ndipo atakapozipokea na za Mwanafatuma. Bi Kibibi, kuapa siwezi, na kumwona wifi yangu akipita mlangoni pangu kimya siwezi vilevile. Nifanye nini? Nimekutilia mbega mmoja na kaa mmoja ndani ya bahasha, ujionee kama ni wadudu.

Mwanapili binti Matano, Munje

JIBU

Marahaba, Mwanapili. Jina lako nimelichapisha lote, na wanaolisoma wajue pia kwamba ulikosa.

Hukukosa kwa kuchora. Mbega wako ningemnunua mimi. Kaa umempa miguu sita, nawe ni mtu wa Munje, ona haya, kahesabu tena. Lakini hao si wadudu, na anayekutaka uape kutochora kinachotembea mbele ya mlango wako anataka kiapo asichostahili. Usimpe.

Kosa lako ni lile naam. Ungemwambia siku ile ile, "Hizo sishoni," huo ungekuwa ushujaa. Wewe ulinyamaza, ukaenda kumgomea kwa mkoba wenye jasho la mwenzio, naye hana habari. Memsahibu alipoteza nini? Duka lake lipo pale pale. Aliyeumia ni mjane. Ujasiri unaolipiwa na mtu mwingine ni ubinafsi tu, hata ukiuvika kanga mpya.

Ukishasoma haya, kunja gazeti, nenda kwa Mwanafatuma, ukae chini, umwambie "nimekukosea," na usitie "lakini" baada yake. Akinyamaza, nyamaza naye. Kisha shona hao ndege thelathini, kwa mkono wako mzuri, si kwa hasira, maana uliahidi. Mwende wote wawili, umwambie memsahibu, "Ahadi yangu hii, samahani kwa kuichelewesha. Kuapa siapi." Akizikataa kwa sababu ya kiapo, hapo kosa litakuwa lake, na wifi yako atakuwa ameliona kwa macho yake.

Akizikataa au akizipokea, msimtegemee yeye peke yake tena. Hoteli za wageni zipo. Ombeni ruhusa ofisini, tandikeni mkeka barazani, uzeni wenyewe. Na mfundishe Mwanafatuma kuchora kwenye miraba, achague kiumbe chake mwenyewe. Usimtoe kwenye kitabu cha memsahibu ukamfungia kwenye daftari lako.