Baiskeli 138 kwenye Njia ya Mteremko

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima. Goti la Mama limepungua kuvimba, wifi yako anakohoa kidogo tu. Kifua chako je, baridi ya huko juu haikisumbui?

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu maneno ya simu hayana ushahidi. Kwenye mkutano wa kamati ya hifadhi ulisimama, wewe karani wao, ukasoma malalamiko ya watembea kwa miguu ukurasa mzima bila kumeza mate: baiskeli zinawatisha wazee, zinachimba udongo, zipigwe marufuku kwenye Njia ya Mteremko. Ya upande wetu wenye baiskeli ukasoma mistari miwili tu. Halafu nikakuona mlangoni unacheka na Bwana Fimbo, mwenyekiti wa hao watembeaji. Mlikuwa mnacheka nini?

Jumatano nilikaa kwenye benchi la kona ya pili, saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Watembeaji 212, baiskeli 31, waliogongwa sifuri. Mmoja alianguka, naye alikuwa anatembea huku anasoma simu.

Kutoka mlango wa chini hakuna njia nyingine ya baiskeli kuingia msituni. Ikifungwa, nani atakodisha baiskeli ya milimani azunguke nayo kwenye maegesho ya magari? Nilianza na pampu moja na spana mbili, leo nina baiskeli 26 na mafundi wawili wanaonitegemea. Niambie uko upande gani.

Kaka yako


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimetulia. Mama aache kupanda ngazi za karakana, nimeshamwambia na najua hasikii.

Nilicheka kwa sababu Bwana Fimbo alikuja mkutanoni na viatu viwili visivyofanana, akanihakikishia nyumbani ana jozi nyingine kama hiyo. Basi. Wao waliandika ukurasa, nikasoma ukurasa. Nyie mliandika mistari miwili, tena nyuma ya risiti ya minyororo. Ulitaka niwatungie?

Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi tarehe 18 funga karakana. Usikodishe hata baiskeli moja, na vijana wa klabu ya baiskeli waambie wakaendeshe kwingine siku hiyo. Usiniulize kwa nini, nimekula kiapo cha kazi na hapa nilipofika nimeshavuka. Karatasi hii ichane.

Mdogo wako


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Nyumbani hatujambo. Natumaini nawe umeamka salama, ingawa nadhani jana hukulala vizuri.

Unanijua mimi, siuziwi mbuzi kwenye gunia. Mtu wa ofisini ananiambia nifunge Jumamosi moja tu, nisiulize, halafu nichane karatasi. Nikaenda kudadisi kwa mama wa tiketi getini. Akaniambia siku hiyo wanaweka watu wawili na daftari kwenye kona ya pili kuhesabu wanaopita. Nikakuelewa. Mlitaka mkute njia haina baiskeli, mseme haitumiki, mfunge. Ungenikata kwa kisu changu mwenyewe.

Sikufunga. Nilitoa baiskeli zote 26 bure, kila moja ikapita pale mara nne. Hizo ni 104. Klabu wakaleta 34. Jumla 138, na mhesabu mmoja nilimwona anaomba kalamu ya pili. Watembeaji hawakufika 250. Sasa kamati iseme njia hii haina watu wa baiskeli.

Karatasi yako sijaichana. Iko kwenye faili.

Kaka yako


Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu,

Wiki tatu hujajibu, hata salamu za Mama umezinyamazia. Mzima lakini?

Leo asubuhi wamepigilia bango mlango wa chini. Njia ya Mteremko ni ya miguu tu, kuanzia mwezi ujao. Fundi wangu mmoja amelisoma mara mbili, akaniuliza kama aanze kutafuta kazi. Baiskeli 138, na bado wanafunga. Hesabu hiyo hainiingii akilini isipokuwa kwa njia moja: kuna mtu humo ndani aliyekwisha kuamua.

Kwa hiyo mchana nimepeleka rufaa kwa mkurugenzi wa hifadhi. Nimeambatisha ile karatasi yako ya tarehe 9, ile yenyewe na mwandiko wako, aone jinsi karani wa kamati alivyojaribu kuniondoa njiani siku ya hesabu. Hukuniachia pa kupita. Ukiwa na la kusema, sema.

Kaka yako


Tarehe 24 Juni

Kaka,

Shikamoo, hiyo haikupotei hata leo. Nimechelewa kujibu kwa sababu baada ya hesabu walituzuia kuzungumza na mtu yeyote mwenye maslahi. Sasa hakuna cha kunizuia.

Kipimo cha kamati kilikuwa hiki: baiskeli zisizidi moja kwa kila watembeaji watano. Chini ya hapo, njia inabaki ya wote. Juu ya hapo, wanasema ni hatari, inafungwa. Jumamosi hiyo walipita watembeaji 240, kwa hiyo mwisho wenu ulikuwa 48. Jumamosi za kawaida mnapitisha 50, 55. Niliona mtapita hapo kwa baiskeli chache tu, ndiyo nikakuandikia. Wewe ukawapelekea 138.

Rufaa yako imekubaliwa. Mkurugenzi aliniita, akaiweka karatasi mezani, akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Nimekabidhi funguo za ofisi Jumatatu iliyopita, na nyumba ya kazi natakiwa kuitoa mwisho wa mwezi. Mama mwambie nimechukua likizo.

Hesabu ya kwanza wameifuta kwa sababu siri ilivuja. Bango litang'olewa, na njia itahesabiwa upya kwa kipimo kipya. Ni siku gani na kipimo gani, anajua karani aliyekuja mahali pangu. Mimi simjui, wala hana kaka mwenye karakana.

Mdogo wako