Pango Limepakwa Bluu

Shikamoo Mama,

Najua ungeshasema, "Marahaba, haya lete umbea." Ninao. Mumeo anatengeneza pango.

Ndiyo, lile lile. Ile meko ya kuotea moto sebuleni uliyoiita pango tangu siku tuliyohamia mtaa huu wa Malvern huku ughaibuni, na matofali yake ya kahawia na vile vijilango vya shaba vilivyokuwa vikikuchefua. Miaka yote ulimwomba Baba aibadilishe. Ulimwomba kwa upole, ukamwomba kwa kununa, na jibu lake lilikuwa moja: "Tofali limekukosea nini?" Sasa wewe umelala makaburini huko Richmond Hill, hata miaka miwili haijatimia, ndiyo ananipigia simu kwamba fundi anakuja Jumatatu ya wiki ijayo.

Nikajiuliza, anamtengenezea nani?

Si wewe uliyenifundisha kwamba mwanamume mzee akianza kupaka rangi nyumba, kuna mgeni anakuja? Basi nikaanza kuchunguza. Nilikuwa nikitoka kwangu Dixon kila Jumamosi kumpelekea chakula, sasa nikaanza kwenda na katikati ya wiki bila kumwambia. Nilimkuta amechonga ndevu. Nikakuta kanzu mpya imetundikwa nyuma ya mlango. Kwenye friji nikakuta bakuli la sambusa lenye mfuniko wa kijani, na bakuli hilo si letu. Nikamuuliza limetoka wapi. "Kwa Bi Salha," akasema, macho kwenye televisheni. Bi Salha yule mjane wa msikitini, anayegawa chai baada ya darsa, yule uliyekuwa ukisema sauti yake imezidi sukari. Sambusa zenyewe, nisimsingizie, zilikuwa nzuri. Nilizila zote kwa hasira.

Halafu ikaja harufu. Alhamisi ile, jioni, nilifungua mlango nikapokewa na udi. Tangu uondoke, nyumba ile ilikuwa inanuka vitunguu na dawa ya kuchua, basi. Udi ulikuwa wako. Kila Alhamisi ulikuwa ukiweka kile kikaa cha duara kwenye jiko la umeme mpaka kiwe chekundu, ukakitia kwenye chetezo, ukakisukuma chetezo ndani ya pango ili moshi upande dohani. Kuni hazikuwahi kuwashwa humo hata siku moja. Na hiyo akili uliipata baada ya kufukiza chumbani, kengele ya moshi ikalia, wazima moto wakaja na mashoka yao, nawe umesimama mlangoni na khanga ukiwaeleza kwa Kiswahili kwamba leo ni Alhamisi.

Sasa nani kafukiza? Nilizunguka nikitafuta viatu vya kike. Baba alikuwa bafuni, nasikia maji yanatiririka. Sikumuuliza. Niliogopa jibu, huo ndio ukweli. Chetezo chako kilikuwa ndani ya pango, bado kina uvuguvugu. Nikamwaga majivu, nikakiviringisha kwenye gazeti, nikaondoka nacho. Nilijiambia, akitaka kuoa aoe, dini inamruhusu, lakini mwanamke mwingine hafukizi na chetezo cha mama yangu. Nililia kwenye basi njia nzima, na watu wakajifanya wanatazama simu zao.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kumbana fundi. Mkongo mmoja, mtu mzima, mpole. Vijilango vyako vya shaba vilikuwa vimeshang'olewa, vimetupwa nje kwenye theluji. Matofali ya juu yalikuwa yameshapakwa rangi. Siyo nyeupe kama ya nyumba zote za hapa. Bluu, Mama. Bluu nzito. Nikamuuliza rangi hii kachagua nani.

"Ni mama alichagua," akasema.

Mama yupi? Nikamtaka anieleze yukoje huyo mama, mrefu au mfupi, mnene au mwembamba. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akafuta mikono, akaenda kwenye kiti, akaniletea kitambaa. Akasema mzee ndiye aliyempa, na kwamba mama alitaka rangi ifanane na hii.

Ilikuwa khanga yako ya jikoni, ile yenye tundu la moto pembeni.

Nikakuona umesimama palepale, umeitandaza juu ya tofali, unasema, "Tazama, hivi tu, sitaki kingine." Na Baba kajifunika gazeti, hakuinua hata uso. Kumbe alisikia. Alisikia, na hakufanya, mpaka ukaondoka. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sijui hadi leo lipi lilizidi.

Ndipo Baba akatoka jikoni, kidole gumba kimefungwa plasta. "Zuhura, umeona chetezo cha mama yako?" akaniuliza. "Tangu Alhamisi nakitafuta. Nimepekua mpaka kwenye takataka." Alikuwa karibu kulia. Mumeo, Mama, ambaye hakuwahi kujua hata udi unakaa kabati gani, alikuwa anafukiza peke yake na kujiunguza vidole.

Nilikitoa mkobani, nikamdanganya kwamba nilikichukua kukisugua. Akaniambia ahsante, ingawa aliona wazi bado kina masizi. Tukaketi mbele ya pango. Fundi hakupaka ndani, Baba alimkataza. Weusi wa moshi wako uko palepale ukutani, ulipokuwa ukiweka chetezo.

Basi hizo ndizo habari. Rangi imekauka, na imependeza kama ulivyosema, na inaniuma kwamba hukuiona. Kanzu anasema ni ya Idi. Nimeipokea hivyo hivyo. Lakini lile bakuli la kijani nililirudisha mwenyewe msikitini, tupu na safi, na jana nimelikuta tena kwenye friji, limejaa.

Mungu akupe nuru huko uliko, Mama. Nami nakuahidi hivi: akija mtu kukaa mbele ya rangi yako, nitamwamkia, nitampikia chai, na sambusa zake nitakula. Lakini Alhamisi jioni, chetezo tutakishika mimi na Baba.

Mwanao,
Zuhura