Lebo ya Chumvi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeingia maktaba! Mimi, niliyeishia darasa la tano — mwalimu alikosa la kunifundisha. Mpwa wangu mkutubi ameanzisha maktaba ya sauti za ukoo, iko ndani ya simu. Nimemrekodia nilivyozima moto wa kiwanda cha mbao kwa kofia, na siku nilipovuta lori kwa meno. Kila kisa anakipangia mahali pake: Historia au Hadithi. Historia, anasema, lazima awepo shahidi wa pili. Haya, msomi. Ila ukoo mzima nao unaruhusiwa kubandika lebo zao. Bandikeni tu! Nitajaa sifa.

Jumatano, 5 Machi
Lebo zimekuja. Kofia — "chumvi". Lori — "chumvi", "chumvi tupu", "meno yapi?" Binamu yangu fundi viatu kaweka picha ya gunia la chumvi. Nimecheka mpaka machozi. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimerekodi kile cha shemeji, baba yake mkutubi. Mpwa hakuniomba. Alikuwa mtoto wa kunyonya siku ile magogo yalipomfunika baba yake pale kiwandani. Wenzetu walikimbilia winchi ya kuinulia magogo. Nikabaki naye, nimemshika kichwa. Akaomba maji. Nikampa kwa kiganja. Akaomba tena. Basi.
Sikuongeza kitu. Hata mimi nimejishangaa.

Jumapili, 9 Machi
Mpwa kakiweka kwenye Hadithi!! Nimempigia. Mjomba, shahidi wa pili yuko wapi? Shahidi ni baba yako, nikamwambia. Akasema kwa sauti ndogo: akikifungulia mlango hiki, lori nalo litataka kuingia.
Lakini lori lilisogea!

Jumatatu, 10 Machi
"Chumvi". "Chumvi". "Mjomba tena!" Wengine hata hawajasikiliza — wameona ni mimi, wakabandika. Nimemwomba mpwa azibandue. Hawezi, eti lebo ni mali ya watu. Kule wataalamu wamenifungia, huku umma umenipaka chumvi. Nimebandika yangu: "kweli". Imekaa chini kabisa, kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ukimtafuta shemeji, marehemu wa watu, unaletewa chumvi.

Alhamisi, 13 Machi
Dada yangu amekuja — mjane wa shemeji, mama yake mkutubi. Hata mtandio hajavua. Kaweka simu mezani, kasikiliza. Karudia. Miaka yote hajawahi kuniuliza, nami sikuwahi kuanza.
"Kaka, mimi sheria za mwanangu sizijui. Ulikuwepo, hukuwepo?"
"Nilikuwepo."
"Basi nibandike 'kweli'. Wakiona ni mimi, watanyamaza."
Bandika, dada, bandika!
Kidole kikasimama juu ya kioo.
"Baada ya maji... hakunitaja?"
Mimi! Ninayeweza kumpa mamba sauti akaimba! Nimesema ngoja nikatafute miwani. Niko chumbani, naandika. Maneno yameshajipanga yenyewe, matamu — alikuita, dada, alikuita kwa lile jina lenu la ndani. Nikisema, nitapata lebo yangu. Na kisa pekee nisichokitia chumvi kitakuwa kimeingia chumvi.
Anaita. Kaka, umeiona?
Miwani iko puani.