Flaiwili Uliyoipunguza Uzito

Baba yangu uliyelala Kitale,

Sijui hata nianzie wapi. Juzi klachi ya gari uliloniachia ilikwisha, nikalipeleka gereji hapa Bungoma. Fundi Wafula aliteremsha gia boksi, akamulika ndani. Kisha akaniita.

"Madam, nani alikata hii flaiwili?"

Nikamuuliza flaiwili ndiyo nini. Akanionyesha sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini na kulipa gari msukumo wa kuondoka. Yako ilikuwa imekerezwa hadi ikabaki nyembamba.

"Hii ni ya watu wa mashindano, bana. Injini inapanda haraka, lakini kwa mlima ama kwa foleni, ukiachilia klachi kidogo tu, inazima. Si hata mimi imenizimia hapo kwa geti."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu, Baba.

Unaikumbuka ile njia ya shambani, mahindi yakiwa yamevunwa, ukinifundisha kuendesha gari hili hili? Gari likazima. Nikaliwasha, likazima tena. Watoto wa jirani wakanicheka, nawe ukacheka nao. "Nekesa, mguu wako ni mzito kama wa ng'ombe. Wacha tu, utaendeshwa na bwana." Nililia, nikahamia kiti cha nyuma, na huko ndiko nilikokaa hadi nikawa mama wa watoto. Ulipofariki nikajikaza kujifunza upya, na kila liliponizimia nilijilaumu mimi.

Wewe kila ulipoondoka ulikanyaga mafuta kwanza, injini ikalia, ndipo ukaachilia klachi. Nilidhani ni mbwembwe za mzee. Kumbe ulijua dawa yake.

Nilimpigia Mama simu. Hakushangaa hata kidogo.

"Ah, hiyo? Alipeleka kwa jamaa wa kukereza vyuma, kabla hajaanza kukufundisha. Alitaka gari iruke kama ya vijana. Halafu akaona haya. Mzee wa kanisa, na kila Jumapili anakemea vijana wa kukimbiza magari? Akaniambia nisiseme."

Ulipenda kutuambia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yako, Baba, imekuwa ndefu kushinda ya Kitale hadi Bungoma.

Kupenda kwako kasi hakuniudhi. Ungenieleza, ningekutania wiki nzima na kukupenda zaidi. Kinachoniuma ni kwamba ulinitazama nikilia, ukijua kosa si langu, ukachagua heshima yako. Sikudhani unaweza. Hadi sasa nashindwa kuamini.

Wafula amefunga flaiwili ya kawaida. Jumapili nilipanda Kitale kumpeleka Mama kanisani. Kwenye kile kilima cha kutoka nyumbani nilisimama kupisha mifugo, kisha nikaachilia klachi polepole. Gari likaondoka taratibu, bila shida yoyote. Nililia njia nzima, na Mama akanishika bega.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na bado nimekukasirikia, na yote mawili yamo katika kifua kimoja. Mjukuu wako wa kike ameomba nimfundishe kuendesha shule zikifungwa. Likimzimia, nitaangalia gari kwanza.

Ni mimi binti yako,
Nekesa